Uliza Tukujibu: Mandela, kaptula za gerezani na ile hoteli ya Mbeya

Toleo lililopita niliomba mtume maswali kuhusu Nelson Mandela, mana tarehe 18 Julai ndo siku aliyozaliwa (mwaka 1918, kijiji cha Mvezo huko Transkei, Afrika Kusini), na nyie wasomaji wangu mkipewa nafasi hamjui kujizuia, meseji zimemiminika mpaka simu ikawa inapata moto. Zenye matusi nimefuta. Zilizobaki nimechagua hizi saba, nyingine zilikuwa zinajirudia.

Niseme mapema ninakosimama ili tusilaumiane mbele ya safari. Yule Mandela wa kwenye mabango, babu anayecheka kavaa shati la maua, simkatai, alikuwepo kweli, ila kamfunika mwenzake ambaye ndo aliifanya kazi yenyewe, yaani yule wakili mbishi, mwenye hesabu kali, ambaye ukimpa nusu ya anachodai anakurudishia. Wengi wenu mmemuuliza huyo wa pili bila kujua.

Anko shikamoo. Mwanangu wa form two kaniuliza Mandela alifungwa kwa kosa gani nikamwambia kwa kupigania haki, akaniuliza tena "mama, kwani kuna kosa linaitwa kupigania haki?" Nikabaki natumbua macho. Nisaidie. – Mama wa wawili, Tabata

Marahaba mama. Huyo mtoto apelekwe sheria mapema. Kosa la hivyo halipo kwenye kitabu chochote, na ndo ulikuwa ujanja wa makaburu, wao hawakukubali kabisa kwamba wana wafungwa wa siasa, kila mtu kwao alikuwa mhalifu mwenye shtaka lake na namba yake.

Mandela alihukumiwa mara mbili, na watu huwa wanazichanganya. Mara ya kwanza alikamatwa tarehe 5 Agosti 1962 barabarani karibu na Howick, kule Natal, alikuwa anajifanya dereva wa Mzungu mmoja, kavaa koti la udereva na anatumia jina la David Motsamayi. Mashtaka yalikuwa mawili tu, kuchochea wafanyakazi wagome na kutoka nje ya nchi bila pasi ya kusafiria. Mahakamani akaingia kavaa ngozi ya chui ya Kixhosa badala ya suti (na huyu alikuwa mpenzi wa suti kwelikweli, muulize yeyote aliyemjua Johannesburg), akamwambia hakimu kwamba yeye ni mtu mweusi kwenye mahakama ya mtu mweupe, sheria hizi hakuzipigia kura, kwanini zimfunge? Wakampa miaka 5.

Sasa akiwa ndani tayari anatumikia hiyo miaka 5, tarehe 11 Julai 1963 polisi wakavamia shamba la Lilliesleaf, eneo la Rivonia, wakawakuta wenzake na makaratasi kibao, mengine ya mwandiko wake mwenyewe. Hapo ndo ikaja kesi ya Rivonia, shtaka hujuma, adhabu yake inaweza kuwa kitanzi. Na hapa ndo mueleze mtoto vizuri, mana shuleni huwa panarukwa: Mandela hakukana. Tarehe 20 Aprili 1964 alisimama kizimbani akaongea kama masaa matatu, akakiri kwamba ndio, alikuwa mmoja wa walioanzisha Umkhonto we Sizwe, yaani tawi la kijeshi la chama chake cha ANC, na ndio, walipanga kulipua miundombinu na ofisi za serikali bila kuua watu, akaeleza na sababu. Mwisho akasema wazi kwamba kwa lengo la nchi ambayo watu wote ni sawa yuko tayari kufa. Mawakili wake walimshauri asiliweke hilo neno la kufa vile lilivyo, waliona ni kama anamkabidhi jaji kamba. Akaliacha palepale lilipo, akaongeza tu "ikibidi". Tarehe 12 Juni 1964 wakapewa maisha, yeye na wenzake 7, wakiwemo Walter Sisulu, Govan Mbeki, Ahmed Kathrada, na Mzungu mmoja Denis Goldberg ambaye walimfunga peke yake Pretoria, kwasababu hata jela zilikuwa za rangi.

Mtoto akiuliza kwanini walifika huko mwambie ahesabu. ANC ilianzishwa 1912, wakaandika barua na kutuma wajumbe miaka na miaka. 1952 wakafanya kampeni ya kuvunja sheria za kibaguzi kwa makusudi na kwa amani, zaidi ya watu 8,000 wakaingia jela. 1956 serikali ikakamata watu 156 kwa uhaini, kesi ikaburuzwa mpaka Machi 1961 ndo wa mwisho wakaachiwa, hakuna aliyekutwa na hatia. Katikati ya kesi hiyo, 21 Machi 1960 pale Sharpeville, polisi wakafyatulia risasi watu waliokuwa wanapinga vitambulisho vya pasi ambavyo weusi walilazimishwa kutembea navyo, wakafa 69, wengi walipigwa mgongoni wakiwa wanakimbia. Wiki chache baadae ANC ikapigwa marufuku. Umkhonto ilitangazwa tarehe 16 Desemba 1961. Yaani ni karibu miaka 50 ya kubisha hodi kwa adabu kabla ya bomu la kwanza.

Anko mambo vipi, mimi ni fundi cherehani. Niliona klipu mtu anasema Mandela aligombana na askari magereza kwa sababu ya kaptula. Hivi mtu umefungwa maisha unapata wapi muda wa kugombania nguo? – Fundi, Mwanza

Fundi hili swali nimelipenda kuliko yote, na klipu imesema kweli.

Walivyofikishwa kisiwa cha Robben katikati ya 1964 ilikuwa baridi, Juni kule ndo kipupwe chenyewe, na kisiwa kinapigwa upepo wa bahari. Waafrika wakapewa kaptula, kisweta chepesi na koti la turubai. Mwenzao Kathrada, mwenye asili ya India, yeye akapewa suruali ndefu. Na soksi. Kumbuka Kathrada alikuwa mdogo kwao, Mandela anakaribia 46 na Sisulu kashavuka 50, halafu wazee ndo wamevalishwa kaptula. Haikuwa bahati mbaya ya stoo, ilikuwa kanuni: kwa mfumo ule mwanaume wa Kiafrika ni "boi" hata awe na mvi, na boi anavaa kaptula.

Ukienda kwenye chakula ni hivyohivyo. Wote wanakula uji wa mahindi, lakini Mhindi na Chotara walipewa sukari zaidi kidogo na walipewa mkate, Mwafrika hapewi mkate kabisa, maelezo rasmi yalikuwa kwamba Waafrika kwa asili hawapendi mkate. Fikiria kuna mtu ofisini, mwenye elimu yake na mshahara, alikaa kitako akaandika hiyo sentensi na wakubwa wake wakapitisha. Mimi nikitaka kumueleza mtu ubaguzi wa makaburu ulivyokuwa sianzi na risasi, naanza na hiyo sukari. Risasi hata dikteta wa kawaida anazo. Kupima sukari ya mfungwa kwa kuangalia rangi yake inahitaji watu waliokaa na kuamini kabisa wanachofanya.

Sasa ubishi wa Mandela. Alianza kudai suruali toka siku za mwanzo, analalamika kwa kila mkubwa anayepita. Baada ya kama wiki mbili karudi kwenye selo kakuta suruali kuukuu ya kaki imetupwa sakafuni. Kafurahi, ila kabla hajavaa akaulizia kama na wenzake wamepewa. Hawajapewa. Akamuita askari akamwambia ichukue. Askari kachukia, wewe si ndo ulikuwa unataka suruali? Akasema nataka kwa Waafrika wote. Ikachukuliwa, akarudi kwenye kaptula na baridi yake, na suruali kwa wote zilikuja baadae sana.

Kwahiyo kuhusu muda wa kugombania nguo, muda ndo kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi. Selo yenyewe hatua tatu umefika ukutani. Barua moja kila miezi 6, isizidi maneno 500. Mgeni mmoja kila miezi 6, nusu saa. Januari 1965 wakapelekwa kuchimba chokaa machimboni, wakaambiwa ni miezi 6, ikawa miaka 13, jua linapiga ule weupe unarudi machoni, kuruhusiwa tu miwani ya jua ilichukua karibu miaka mitatu na waliinunua wenyewe. Macho yake hayakupona vizuri mpaka anakufa, ndo mana wapiga picha walikuwa wanaombwa wasitumie flashi.

Kijana wangu, mimi ni mzee mstaafu. Wajukuu wanabisha kwamba Mandela hakuwahi kukanyaga Mbeya. Mimi nasema alifika kabla hajafungwa. Waambie. – Mzee wa Soweto (ya Mbeya, sio ya kwao)

Shikamoo mzee. Wajukuu wamekosa, wakuombe radhi.

Januari 1962 Mandela alitoroka nchini kwake akapitia Bechuanaland, ndo Botswana ya leo, akapanda ndege ndogo mpaka Mbeya. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu, bendera bado inanukia duka. Aliyeongozana naye ni Joe Matthews. Mwenyewe amesimulia kwamba walifika hoteli ya pale mjini wakakuta barazani Waafrika na Wazungu wamekaa pamoja wanapiga stori, kitu ambacho yeye, mtu wa miaka 43, wakili mwenye ofisi yake, hajawahi kukiona sehemu ya umma maisha yake yote.

Walikuwa wanamsubiri mbunge wa TANU, Mwakangale. Kumbe Mwakangale alishapita kuwaulizia na mama wa mapokezi, Mzungu, hakuwaambia. Mgeni mmoja Mwafrika akaenda kaunta akamuuliza yule mama, je, hawa mabwana wawili hawakuulizwa na Mwakangale? Mama akajibu samahani bwana, aliwauliza, nimesahau kuwaambia. Jamaa akamwambia kwa upole lakini kwa mkazo kwamba awe makini, hawa ni wageni wetu na tungependa wahudumiwe ipasavyo. Basi. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyeitwa polisi. Mandela anasema hapo ndo ilimuingia kwamba yuko nchi inayoongozwa na Waafrika na kwa mara ya kwanza maishani mwake ni mtu huru. Miaka kibao wamesoma hotuba kubwakubwa za ukombozi, kumbe mtu kaguswa na "samahani bwana" ya mapokezi, Mbeya.

Kesho yake akaruka Dar kuonana na Mwalimu nyumbani kwake, nyumba isiyo na makuu, na akashangaa kumuona kiongozi wa nchi anaendesha mwenyewe kigari kidogo aina ya Austin. Sasa wengi wanadhani walikumbatiana wakakubaliana kila kitu, hapana. Mwalimu alimshauri wasubiri na vita ya silaha mpaka Robert Sobukwe, kiongozi wa PAC, chama kilichojitenga na ANC, atoke jela. Mandela hakufurahi, alikuwa anaona PAC inapewa sifa kuliko uzito wake. Mimi kwa hilo nadhani Mandela ndo alikuwa sahihi, mana Sobukwe alivyomaliza kifungo chake 1963 bunge la makaburu likapitisha kifungu maalum cha kumuongezea kizuizi mwaka hadi mwaka, wangemsubiri hadi lini? Lakini Mwalimu pamoja na kutokubaliana naye alimpa karatasi ya kusafiria, imeandikwa kwamba huyu ni Nelson Mandela, raia wa Afrika Kusini, ana ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurudi. Kwa karatasi hiyo akazunguka Afrika, Addis Ababa kwenye mkutano, Cairo, Morocco akakaa na wapiganaji wa Algeria, Mali, Guinea, Ghana, Senegal, akafika na London, akarudi Ethiopia kujifunza kulenga shabaha na kutega mabomu. Mafunzo yalikuwa ya miezi 6, wenzake wakamuita nyumbani baada ya wiki chache. Akakamatwa muda mfupi baada ya kurudi, na moja ya yale mashtaka mawili niliyomwambia mama wa Tabata, la kutoka bila pasi, ndo safari hii iliyopita kwenu Mbeya.

Hayo mengine wajukuu watakuwa wanayajua, kambi ya wapiganaji wa ANC Kongwa, mkutano mkubwa wa ANC Morogoro 1969, shule ya Mazimbu iliyopewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa 1979 na leo ni kampasi ya SUA. Na wakiimba "Mungu ibariki Afrika" wanaimba wimbo wa Mxhosa, Enoch Sontonga, aliutunga 1897, ambao ANC waliuimba miongo kabla yetu.

Marekani kweli walimuweka Mandela orodha ya magaidi? – Bodaboda, Kinondoni

Kweli. Yeye na wenzake wa ANC walikuwa kwenye orodha yao mpaka Julai 2008, wakati huo anakaribia kutimiza miaka 90, ana Nobeli (1993, alipewa pamoja na de Klerk, rais wa mwisho wa makaburu), kashamaliza urais miaka 9 iliyopita, na waziri wao mwenyewe wa mambo ya nje alisema ni aibu. Mtoe tu abiria wako wasiwasi.

Anko acheni kutudanganya, Mandela aliuza mechi. Wazungu walibaki na ardhi, migodi na mabenki, weusi wakapewa kura na wimbo. Alilainishwa jela. – Kijana wa Kariakoo

Umekuja moto, sawa, nikujibu bila kukuzunguka. Nusu ya kwanza ya hoja yako ina uzito, nusu ya pili hapana.

Ya ardhi ni kweli. Sheria ya 1913 iliwaachia weusi kama asilimia 7 ya nchi, ikaja kuongezwa 1936 kufika kama 13, na wao ndo walikuwa wengi kupita kiasi. 1994 ANC ikaahidi kugawa upya asilimia 30 ya mashamba ndani ya miaka 5, haikufika hata karibu. Katiba mpya ya 1996 ililinda mali za watu, ukichukua ardhi ulipe fidia. Watumishi na maofisa wa utawala wa zamani walihakikishiwa kazi zao, na hilo lilipendekezwa na Joe Slovo, mkomunisti, sio na bepari. Kwahiyo anayesema uhuru wa 1994 uliacha mifuko ilivyokuwa hajakosea, na hata nyumbani kwao vijana wanasema hivyohivyo kwa sauti zaidi yako.

Ila la kulainishwa jela nakataa. 31 Januari 1985 rais P.W. Botha alisimama bungeni akasema Mandela akikataa matumizi ya nguvu anaachiwa. Miaka 22 na ushee yuko ndani, mlango umefunguliwa, sahihi tu. Jibu lake likasomwa na binti yake Zindzi uwanja wa Jabulani, Soweto, tarehe 10 Februari, kwamba Botha ndo akatae nguvu kwanza, aondoe ubaguzi, na kwamba mfungwa hawezi kuingia mkataba, mikataba ni ya watu huru. Akakaa miaka 5 mingine. Mtu laini hafanyi hivyo bana.

Tena mazungumzo na serikali aliyaanza mwenyewe akiwa gereza la Pollsmoor, kule walikomhamishia 1982, bila hata kuwaomba ruhusa wenzake waliofungwa naye, alijua wangekataa. Hapo unaweza kumlaumu kwa kiburi, mimi nitakubali. Lakini hesabu yake ilikuwa hii: jeshi la makaburu halijashindwa vitani na haliwezi kushindwa hivi karibuni, na wao hawawezi kuzima mitaa. Mkiwa mmekabana hivyo unakaa mezani au mnazikana. Kati ya kutoka kwake 11 Februari 1990 na uchaguzi wa 27 Aprili 1994 walikufa maelfu kwenye vurugu. Tarehe 10 Aprili 1993 Chris Hani, aliyependwa na vijana kuliko yeyote ukimtoa Mandela, akapigwa risasi mbele ya nyumba yake na mhamiaji Mzungu kutoka Poland. Usiku ule nchi ilikuwa inaondoka. Rais alikuwa de Klerk lakini aliyeonekana kwenye tivii kutuliza watu ni Mandela ambaye hana cheo chochote serikalini, akawakumbusha kwamba muuaji ni Mzungu ila aliyeshika namba za gari mpaka akakamatwa ni mama Mzungu, Kaburu. Halafu hakuacha tu kwenye utulivu, wiki chache mbele ANC ikaibana serikali mpaka ikapatikana tarehe ya uchaguzi. Hicho sikiiti ulaini, ni kumbana mtu ukiwa umevaa tai.

Mimi lawama yangu kwake ni nyingine na sijaiona kwenye meseji zenu. Ukimwi. Miaka yake 5 ya urais ndo maambukizi yalikuwa yanapanda kwa kasi na hakulivalia njuga, alilisema kidogo, akaja kukiri baadae kwamba alipaswa kufanya zaidi. Mwanae Makgatho alivyofariki Januari 2005 aliita waandishi siku hiyohiyo akatangaza mbele ya watu kwamba ni Ukimwi. Ilihitaji moyo. Ila ungekuwa 1995 ingesaidia wengi.

Habari Anko. Wote mnamsifu yeye, hakuna anayemuuliza Winnie. – Dada, Dodoma

Nzuri dada. Una haki ya kununa.

Winnie na Mandela walioana 1958, mume akakamatwa 1962, na katikati hapo mwanaume alikuwa kesi za uhaini na kujificha, kwahiyo maisha ya pamoja ya nyumba moja ukiyakusanya ni machache mno. Binti wawili wadogo, Zenani na Zindzi, ambao sheria ya gereza haikuruhusu wamuone baba mpaka wafike miaka 16. Mei 1969 Winnie akachukuliwa usiku watoto wanalia wameshika sketi yake, akakaa mahabusu siku 491, sehemu kubwa peke yake. 1977 wakamtupa Brandfort, kijiji ambacho hata lugha ya watu hakuijua, nyumba haina maji wala umeme, akakaa huko miaka. Jina la Mandela halikufa mitaani kwa sababu yeye alikuwa analisema huku nje ambako kulisema ni kosa. Hilo halijalipwa vya kutosha.

Na kuna upande mwingine ambao siwezi kuufunika kwa sababu namuonea huruma. Mwisho wa miaka ya 80 vijana waliokuwa wanamlinda pale Soweto walifanya mambo mabaya, kijana wa miaka 14, Stompie Seipei, akauawa, na 1991 Winnie akakutwa na hatia ya utekaji, kifungo kikaja kubadilishwa kuwa faini kwenye rufaa. Walitengana 1992, talaka 1996, mzee akamuoa Graça Machel siku anatimiza miaka 80.

Kwenye familia mimi ninayemfikiria zaidi ni mama yake mzazi. 1968 alisafiri kutoka Transkei mpaka kisiwani, wakampa dakika 45, Mandela akamuona amekonda. Wiki kadhaa baadae telegramu, mama amefariki. Akaomba ruhusa ya kuzika, yeye ndo mtoto wa kiume pekee wa yule mama, wakakataa. Julai mwaka uliofuata telegramu nyingine, mwanae wa kwanza Thembi kafa ajali ya gari, miaka 24. Wakakataa tena. Kuna mambo mtu unajiuliza ukishamnyima kaburi la mama yake unabaki na nini cha kumtishia.

Salamu kutoka Bujumbura. Huku wakubwa wanamtaja Mandela kwa sababu ya Arusha. Sisi vijana hatukuwepo. Alitufanyia nini hasa, na kwanini yeye? – Msomaji, Buyenzi

Salamu sana ndugu yetu wa Buyenzi, karibu kwenye kolamu.

Kwanini yeye: kwa sababu Mwalimu alifariki. Nyerere ndo alikuwa msuluhishi wa vita yenu, vita iliyoanza baada ya rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na alikuwa kayafikisha mazungumzo mbali. Tarehe 14 Oktoba 1999 akafia London. Desemba marais wa kanda wakakutana Arusha wakamuomba Mandela, kashastaafu miezi michache, ana miaka 81, anataka kukaa kijijini kwake Qunu na wajukuu. Akakubali.

Walichokuwa hawajui wanasiasa wenu ni kwamba Mwalimu alikuwa na subira ya mwalimu, huyu alikuwa na haraka ya mzee. Alipokaa nao mara ya kwanza aliwasema hadharani mbele ya mabalozi na makamera, kwamba wanachelewesha amani huku raia wanakufa, pande 19 mezani na kila mmoja anavutia kwake. Wengine walikasirika, hawajazoea. Akaigeukia serikali ya rais Buyoya kuhusu zile kambi ambazo mamia ya maelfu ya Wahutu walikuwa wamekusanywa kwa nguvu, akaziita kambi za mateso na akataka zivunjwe. Juni 2000 akaja kwenu akaingia gereza la Mpimba, akatoka kafura, na nadhani hakuna msuluhishi duniani aliyekuwa na haki ya kufura mlangoni pa gereza kuliko yeye.

Halafu, na hapa ndo muangalie vizuri vijana, hakuwaonea Watutsi ili awafurahishe walio wengi. Aliwaambia wazi wachache hawawezi kushika jeshi, uchumi na serikali vyote, akawaambia na Wahutu kwamba wachache wenye hofu lazima wapewe kitu cha kushika mkononi, sio ahadi. Kwahiyo mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, Clinton akiwepo ukumbini, ukaweka jeshi nusu kwa nusu, na katiba yenu ya 2005 ikaja na bunge la asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi. Ukiangalia ni tofauti kabisa na alichokubali kwao, kule alikataa katakata viti vya kutengewa rangi. Mtu huyohuyo, majibu mawili, kwa sababu alisoma hofu za sehemu mbili zisizofanana.

Kasoro yake ni kubwa pia. Siku ya kusaini, makundi mawili yenye bunduki hasa, CNDD-FDD na FNL, hayakuwemo, kwahiyo karatasi ilisainiwa na vita ikaendelea, na baadhi ya vyama vya Watutsi vilisaini kwa kuchelewa na kwa manung'uniko. Serikali ya mpito ikaanza 1 Novemba 2001, miezi 18 Buyoya na miezi 18 Ndayizeye, wanajeshi wa Afrika Kusini wakaletwa kuwalinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni. CNDD-FDD walikuja kukubali mwisho wa 2003 mezani kwa Wasauzi walewale, na FNL walichelewa zaidi ya hapo.